Mji wa Skii kwa Mkazi Asiye na Gari

Mji wa skii ni makazi yaliyojengwa chini ya mlima au ubavuni mwake, mahali ambapo theluji hudumu miezi minne au mitano na lifti huwapandisha watu juu ili wateremke kwa kuteleza juu ya mbao zilizofungwa miguuni. Katika Milima ya Alpi, katika milima ya Rocky ya Marekani na Kanada, Japani na Skandinavia, miji ya namna hii huishi kwa kuwategemea wageni. Mingi hujitangaza kuwa mtu hahitaji gari, na kwa mgeni maneno hayo mara nyingi ni ya kweli: hupokewa uwanja wa ndege, hulala hatua chache kutoka kwenye lifti, hula mkahawani, na baada ya wiki moja huondoka. Mkazi yuko katika hali nyingine kabisa. Yeye hufungua duka la mikate saa kumi na moja alfajiri, hununua unga na sabuni, humpeleka mtoto kliniki, hung'oa jino, humpokea ndugu aliyetoka mbali, na huyafanya hayo hata mwezi wa Mei, wakati lifti zimesimama na theluji imegeuka matope. Kwa hiyo anayetaka kuhamia mji wa skii bila gari hana budi kuuliza kwanza usafiri wa mji huo ulipangwa kwa ajili ya nani: mgeni wa saa nne asubuhi mwezi wa Februari, au mfanyakazi wa alfajiri ya Novemba.

Umri wa mji hueleza mengi. Miji mikongwe ya skii ilifikiwa na reli mapema, wakati theluji bado haijawa biashara kubwa. Reli ya Arlberg ilifika St. Anton, Austria, mwaka 1884. Treni zilianza kufika Davos, Uswisi, mwaka 1890, zikiwabeba wagonjwa wa kifua kikuu walioifuata hewa kavu ya mlimani, na mwaka uliofuata zikafika Zermatt. Chamonix, upande wa Ufaransa wa Mont Blanc, ilipata treni yake mwaka 1901. Marekani nayo ilianza hivyo hivyo: Sun Valley, katika jimbo la Idaho, ilijengwa mwaka 1936 kwa uamuzi wa Averell Harriman, mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliyetaka abiria kwa ajili ya treni zake, na huko ndiko lifti ya viti ilikoanzia. Kisha njia zikaachana. Nchi za Alpi zilitunza reli zake. Amerika Kaskazini ikajenga barabara kuu na kuziacha reli nyingi za milimani zife. Treni ya abiria haifiki tena Sun Valley. Reli iliyokuwa ikienda Aspen, Colorado, leo ni njia ya baiskeli na ya watembea kwa miguu yenye urefu wa kilomita 67 hivi. Ndiyo maana upande wa Ulaya uchunguzi wa mkazi asiye na gari huanzia kwenye kituo cha treni, na ng'ambo ya Atlantiki huanzia kwenye kituo cha basi.

Zermatt hutajwa kabla ya miji mingine yote jambo hili linapozungumzwa. Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kuingia mjini. Mwenye gari huliacha Täsch, kilomita tano chini ya bonde, na kumalizia safari kwa treni ya dakika 12. Ndani ya mji hupita vigari vidogo vya umeme. Wengen na Mürren, nazo za Uswisi, hufikiwa kwa treni za mlimani au kwa gari la waya, na Avoriaz ya Ufaransa ilibuniwa katika miaka ya 1960 bila mitaa ya magari. Uzuri wa mahali kama hapa hauna ubishi: mtoto huenda shule kwa miguu bila kushikwa mkono, na usiku husikika theluji ikiporomoka kutoka mapaani. Lakini marufuku ya magari ni kitu kimoja, na wepesi wa kuishi bila gari ni kitu kingine. Mkazi wa kijiji kilichokatazwa magari anaweza kuwa na gari lake bondeni na kulilipia maegesho mwaka mzima. Kinachomfaa asiye nalo ni ile treni ya kutoka Zermatt hadi Visp, safari ya saa moja na dakika chache, kwani Visp ndiko iliko hospitali, na ndiko zinakopita treni za kwenda Bern na Geneva.

Davos haisifiwi sana kwa jambo hili, kwa sababu magari yamejaa kwenye barabara yake kuu. Hata hivyo, kwa mtu anayekusudia kukaa miaka na si wiki, huenda ikaipita Zermatt. Ina wakazi wapatao 11,000, hospitali yake yenyewe, shule, na vituo viwili vya treni. Gari la waya la mlima Jakobshorn huanzia nyuma ya kituo cha Davos Platz, na treni inayovutwa kwa kamba kuelekea Parsenn huanzia dakika chache kwa miguu kutoka Davos Dorf. Basi la mji huunganisha ncha hizo mbili. Historia yake ya kuwa mji wa hospitali, kabla ya kuwa mji wa michezo, iliiachia huduma ambazo kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watalii tu hakina.

Nguvu ya Uswisi, hata hivyo, iko kwenye ratiba kuliko kwenye mji wowote mmoja. Tangu mwaka 1982 treni za nchi hiyo huendeshwa kwa mpango unaojirudia: ikiwa treni huondoka dakika ya saba baada ya saa, itaondoka dakika hiyo hiyo saa inayofuata na nyingine baada yake, na mabasi ya manjano ya PostAuto hupangwa yaipokee treni inapofika. Kwa mkazi wa bondeni hii ina maana kwamba kuikosa treni moja humchelewesha saa moja, wala hakumharibii siku. Mpango huo haulali lifti zinapofungwa mwezi wa Aprili. Na pale gari linapohitajika kweli, kwa kuhamisha kabati au kumfuata mgonjwa, magari mekundu ya ushirika wa Mobility hukodishwa kwa saa kwenye vituo vingi vya treni.

Austria ina mifano miwili inayofaa kuwekwa bega kwa bega. St. Anton ni kijiji ambacho treni za masafa marefu husimama karibu na lifti. Mtu hushuka akiwa na mbao zake na kutembea. Kwa kuteleza hakuna pungufu. Kwa kuishi, pungufu huonekana upesi: kijiji ni kidogo, kazi nyingi ni za msimu, na hospitali iko Zams, umbali wa safari fupi ya treni. Innsbruck, chini ya bonde la mto Inn, ina wakazi wapatao 130,000, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1669, tramu, na uwanja wa ndege ndani ya mji. Kutoka pembeni mwa mji wa kale huondoka treni ya Hungerburg, ambayo vituo vyake vilivyofunguliwa mwaka 2007 vilibuniwa na Zaha Hadid, na baada ya kubadilisha vyombo mara chache abiria hufika Hafelekar, mita 2,256 juu ya usawa wa bahari. Mabasi huenda kwenye milima mingine inayouzunguka mji. Mwalimu, muuguzi au mwanafunzi anayeishi Innsbruck anaweza kuteleza asubuhi na kuwa kazini mchana bila kumiliki hata baiskeli, na kodi ya nyumba yake haitegemei idadi ya watalii wa Krismasi peke yake. Kwa watu wengi wanaolichunguza jambo hili kwa makini, mji wa kawaida ulio mguuni mwa mlima ni chaguo bora kuliko kijiji kilicho juu. Bahati mbaya ni kwamba miji ya aina hiyo ni michache. Grenoble ya Ufaransa, Sapporo ya Japani na Salt Lake City ya Marekani zimo katika kundi hilo, kila moja kwa kiwango chake.

Japani ina mfano mwingine unaostahili kutazamwa kwa karibu. Treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hufika Echigo-Yuzawa kwa muda wa saa moja na robo hivi, na tangu mwaka 1990 tawi fupi la njia hiyo huishia Gala Yuzawa, kituo kilicho ndani ya jengo la lifti zenyewe. Abiria hutoka kwenye behewa, hubadili viatu, na kupanda gondola. Wakati uchumi wa Japani ulipopanda mno mwishoni mwa miaka ya 1980, Yuzawa ilijengwa maghorofa mengi ya nyumba za mapumziko. Uchumi ulipoanguka bei zake zilianguka pia, na hadi leo vyumba huuzwa kwa bei ndogo sana. Mnunuzi asikimbilie bei hiyo. Ada ya kila mwezi ya kutunza jengo, bwawa la maji ya moto na mtambo wa joto hulipwa maisha yote ya umiliki, na mara nyingine ndiyo iliyomfanya mwenye nyumba wa kwanza kuuza. Theluji ya huko ni nyingi kiasi kwamba mabomba yaliyofukiwa barabarani hunyunyiza maji ya ardhini ili kuiyeyusha, na mtembea kwa miguu asiye na buti za mpira hurudi nyumbani amelowa.

Amerika Kaskazini huhitaji macho mengine, kwa sababu huko mji wenyewe mara nyingi ni mdogo mno kuweza kutazamwa peke yake. Kinachofaa kuchunguzwa ni bonde zima. Vail, uliofunguliwa mwaka 1962, una kitovu kisichopitisha magari na mabasi ya bure yanayozunguka mji. Telluride na Mountain Village zimeunganishwa tangu mwaka 1996 na gondola isiyotozwa nauli, safari ya dakika 13 juu ya mlima, ambayo hugharamiwa kwa sehemu kubwa na ada inayokatwa mali inapouzwa Mountain Village. Breckenridge ina mabasi ya bure na gondola ya bure inayoanzia katikati ya mji tangu mwaka 2006. Park City na Steamboat Springs nazo hazitozi nauli mjini. Kwa mgeni orodha hii inatosha. Kwa mkazi ni nusu ya habari, maana wengi wa wanaofanya kazi katika miji hiyo hawawezi kulala humo.

Bonde la mto Roaring Fork, Colorado, hufundisha zaidi ya mengine. Aspen iko kileleni mwake, ikiwa na milima minne ya skii: Aspen Mountain, ambayo gondola yake huanzia mjini, Aspen Highlands, Buttermilk na Snowmass. Chini yake zimepangana Basalt, Carbondale na Glenwood Springs, kila moja ikiwa na kodi nafuu kidogo kuliko iliyo juu yake. Mamlaka ya usafiri ya bonde hilo, RFTA, ilianzisha mwezi wa Septemba 2013 mabasi yaendayo haraka kati ya Glenwood Springs na Aspen, umbali wa kilomita 64 hivi, na huo ulikuwa mradi wa kwanza wa aina hiyo katika maeneo ya vijijini ya Marekani. Mpangilio wake unamlenga mfanyakazi: mabasi huanza kabla ya mapambazuko na huendelea hadi usiku, mwaka mzima. Glenwood Springs husimama pia treni ya Amtrak iitwayo California Zephyr, inayopita kati ya Chicago na eneo la San Francisco mara moja kwa siku kila upande. Mtu anayeishi Carbondale, akafanya kazi Aspen na kuteleza Snowmass siku zake za mapumziko, yuko ndani ya mfumo uliomfikiria. Anachokilipa ni muda: saa nzima au zaidi kwenda na kiasi hicho kurudi, na nauli nje ya Aspen.

Wilaya ya Summit, magharibi ya Denver, ina umbo tofauti. Milima ya Breckenridge, Keystone, Copper Mountain na Arapahoe Basin imetawanyika, na miji ya Frisco, Dillon na Silverthorne iko katikati yake. Mabasi ya Summit Stage, yasiyotoza nauli, huiunganisha milima na miji hiyo na kukutania Frisco. Hapo hapo Frisco husimama Bustang, basi la jimbo lililoanza mwaka 2015, linalotoka Denver na kuendelea magharibi. Hospitali ya wilaya iko huko, na maduka makubwa ya chakula pia. Frisco haina mlima mkubwa wa skii ulio wake, na kwa sababu hiyo wageni wengi huipita bila kuitazama. Kwa mkazi asiye na gari inaizidi Breckenridge, iliyo maarufu mara nyingi zaidi, kwa sababu njia zote hupitia kwake. Kanuni hii inafaa hata nje ya Colorado: mahali mabasi yanapokutania panafaa kuishi kuliko mahali yanapoishia.

Gunnison na Crested Butte, nazo za Colorado, hurudia jambo hilo kwa udogo. Basi la bure huunganisha miji hiyo miwili, kilomita 45 hivi, na jingine la bure hutoka Crested Butte hadi mlimani. Gunnison ina chuo kikuu na uwanja wa ndege. Ni baridi kali, lakini ni mji wa watu wanaoishi hapo. Winter Park ina treni ya skii kutoka Denver, inayopita katika handaki la Moffat lililofunguliwa mwaka 1928 na kusimama karibu na lifti. Ni treni ya kupendeza, ila kwa misimu mingi imekuwa ya wikendi, na imepangwa kwa wakazi wa Denver wanaokwenda mlimani asubuhi na kurudi jioni. Anayeishi Winter Park na kutaka kwenda Denver asubuhi ataiona ikimjia.

Nyumba huamua mambo kuliko basi. Katika miji hii sehemu kubwa ya nyumba ni za mapumziko, zinazowashwa taa wiki chache kwa mwaka, na nyingine hukodishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa watalii. Mpangaji husukumwa chini ya bonde, na kila punguzo la kodi analolipata hulilipia kwa kilomita. Serikali zimejaribu kuzuia mkondo huo kwa njia mbalimbali. Waswisi waliamua kwa kura ya maoni mwezi wa Machi 2012 kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba za manispaa yoyote. Whistler, Kanada, iliunda mwaka 1997 mamlaka ya nyumba za wafanyakazi, ikikusudia angalau asilimia 75 ya wanaofanya kazi hapo waweze kuishi hapo. Vail ilianza mwaka 2017 kuwalipa wenye nyumba ili waandike katika hati zao kwamba nyumba hiyo itakaliwa na mtu anayefanya kazi katika eneo hilo. Aspen na wilaya yake zina nyumba zipatazo 3,000 zenye masharti ya namna hiyo. Anayeingia lazima afanye kazi wilayani saa 1,500 kwa mwaka. Banff, iliyo ndani ya hifadhi ya taifa nchini Kanada, imekwenda mbali zaidi: sheria huruhusu kuishi humo wale tu wenye sababu ya kuwa hapo, hasa kazi, pamoja na familia zao.

Nyumba hizi za masharti, zikipatikana, humfaa sana asiye na gari, kwa kuwa nyingi zimejengwa karibu na kituo cha basi. Lakini foleni zake ni ndefu, na anayefika mwaka wa kwanza mara nyingi huangukia kwenye chumba cha mwajiri. Chumba hicho huwa karibu na kazi, na kodi hukatwa kwenye mshahara. Hatari yake ni kwamba kazi na kitanda vimefungwa kamba moja. Anayeumia goti mwezi wa Januari, akashindwa kufanya kazi, anaweza kujikuta hana paa katika mji ambao vyumba vyote vimekwisha.

Baada ya nyumba huja saa za kazi. Wanaotandaza theluji mlimani kwa mashine hufanya kazi usiku. Wapishi wa kifungua kinywa huanza kabla ya alfajiri. Wahudumu wa baa hutoka baada ya saa sita usiku. Basi linaloanza saa moja asubuhi na kulala saa nne usiku linawafaa watelezaji na wachache wengine. Ni vyema kuangalia pia siku za Jumapili na sikukuu, kwa sababu hizo ndizo siku ambazo hoteli hazina nafasi kwa mfanyakazi kukosekana.

Majira ni jaribio gumu zaidi. Basi la bure la Whitefish, Montana, liitwalo SNOW, hupanda mlimani majira ya baridi, na ni basi zuri, lakini limeundwa kwa ajili ya lifti. Gondola ya Telluride husimama kwa wiki kadhaa majira ya kuchipua na tena majira ya vuli, na mabasi huchukua nafasi yake. Miji mingi hupunguza safari kipindi hicho, na ratiba ya kila dakika 15 inaweza kuwa ya kila saa. Aliyezoea mji wa Februari huona kana kwamba amehamishiwa mji mwingine.

Usafiri wa njia moja hukatika mara moja. Mwishoni mwa Januari 2022 madereva wa mabasi ya Whistler na miji jirani waligoma, na mgomo ukaendelea kwa zaidi ya miezi minne, ukila sehemu kubwa ya msimu wa skii. Januari 2018 theluji na hatari ya maporomoko zilifunga reli na barabara ya Zermatt wakati wageni wapatao 13,000 wakiwa ndani, na helikopta zikatumika kuwatoa baadhi yao. Mwezi wa Juni 2024 kipande cha barabara ya Teton Pass kiliporomoka, na wafanyakazi wanaolala Idaho na kufanya kazi Jackson, Wyoming, wakalazimika kuzunguka kwa safari ndefu mpaka njia ya muda ilipofunguliwa karibu wiki tatu baadaye. Katika tukio hili la tatu gari halikuwa kinga. Barabara ikifungwa humfungia kila mtu, na anayelala umbali wa kutembea kutoka kazini ndiye anayeendelea na siku yake. Uhaba wa madereva ni tishio la polepole zaidi: majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 mabasi ya skii ya Salt Lake City yalipunguzwa kwa sababu hiyo. Dereva naye anahitaji pa kulala, na mji usioweza kumpa dereva nyumba mwisho wake hupoteza basi.

Mambo ya kila siku hayahitaji maelezo marefu, ila yana uzito. Duka la chakula la kawaida, lisilouza jibini na divai za watalii tu, liwe umbali wa kutembea au lifikiwe kwa basi moja bila kubadilisha. Zahanati ya mlimani hufunga mfupa uliovunjika kwa ustadi, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Mjamzito au mgonjwa wa figo atatafuta hospitali ya bondeni. Mwenye watoto aulize iwapo basi la shule hufika mtaani kwake.

Kutembea kwenyewe ni ujuzi. Miteremko ambayo ramani haioneshi huwa barafu usiku, na katika miji mingi barabara husafishwa kabla ya njia za miguu, hivyo theluji iliyosukumwa pembeni huangukia pale pale mtu anapotaka kupita. Vyuma vidogo vyenye meno vinavyovalishwa chini ya viatu hugharimu kidogo na huokoa viuno. Breckenridge iko zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, na mgeni wa mwinuko huo huhema akipanda ngazi za ghorofa ya pili akiwa na mfuko wa viazi. Mwili huzoea baada ya wiki chache. Vifaa vya skii ndivyo mzigo mbaya kuliko yote: buti ngumu zisizokunjika na mbao ndefu kuliko mlango wa basi. Kabati la kukodi kwa msimu karibu na lifti humwezesha mkazi kupanda basi mikono mitupu.

Upande wa fedha, hesabu humpendelea asiye na gari kuliko anavyodhani. Chama cha magari cha Marekani, AAA, kilikadiria mwaka 2024 kwamba kumiliki gari jipya hugharimu zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka, bima, mafuta na kushuka kwa thamani vikiwemo. Hiyo ni dola 1,000 kwa mwezi, ambazo katika bonde lolote la skii zinaweza kuiondoa nyumba chini ya bonde na kuipandisha karibu na kazi. Gari la milimani huongeza tairi za theluji, maegesho ya kulipia, na katika miji mingi marufuku ya kuegesha barabarani usiku wa majira ya baridi ili mashine za kusukuma theluji zipite. Wapo wanaochukua njia ya kati, wakichangia gari moja nyumba nzima au kudandia la mwenzao wa zamu. Njia hiyo hudumu kadiri urafiki na zamu zinavyodumu.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ratiba mbili zinafaa kusomwa pamoja, ya msimu wa baridi na ya katikati ya misimu, na ndani ya hiyo ya pili isomwe Jumapili. Muda wa kwanza na wa mwisho wa basi ulinganishwe na zamu iliyoahidiwa, si na saa za lifti. Njia kutoka mlangoni hadi kituoni itembewe usiku. Kisha mtu akae wiki mbili za majaribio mwishoni mwa Aprili, vyumba vinapopatikana kwa bei ndogo: lifti zitakuwa zimefungwa, mikahawa mingi itakuwa na kufuli, na mabasi yatakayopita ndiyo yale ambayo mkazi atabaki nayo wageni wakiondoka.